Usiulize sura ya seli shina, uliza inakokaa

Wanafunzi wakiinamia hadubini, swali la kwanza huwa lile lile: seli shina ina sura gani? Jibu langu huwavunja moyo. Seli shina ya damu, kwa macho, inafanana mno na limfosaiti ndogo ya kawaida, aina ya seli nyeupe ya damu. Tunaijua kwa kazi yake: hujigawa ikaacha mrithi wa kushika nafasi yake, na wakati huo huo ikazaa seli zenye kazi maalumu. Tunaijua pia kwa mahali ilipo.

Utumbo mwembamba ndio ninaopenda kuanza nao. Utando wake wa ndani, kwa jinsi unavyosuguliwa na chakula na nyongo, hubadilika karibu wote kila siku 3 hadi 5. Seli shina zake zimejificha kwenye vitako vya vishimo vidogo sana. Mwaka 2007 maabara ya Hans Clevers, Uholanzi, ilizitambua kwa alama ya protini iitwayo Lgr5. Zimebanana na seli jirani ziitwazo seli za Paneth, ambazo huzipelekea ishara za kuziambia zibaki kuwa shina. Ikisukumwa juu, ishara zikaiishia, seli ile ile huanza kukomaa, hupanda ukuta taratibu na hatimaye hupukutika. Nimefundisha jambo hili miaka mingi na bado hunishangaza.

Mahali kama hapo tunapaita kiota. Wazo lilitolewa na mwanasayansi Ray Schofield mwaka 1978, akizungumzia damu. Kiota cha damu ni uboho mwekundu. Mtoto mchanga anao karibu katika kila mfupa, lakini kwa mtu mzima umebaki hasa nyonga, uti wa mgongo, mbavu, kidari na fuvu. Ndiyo maana sindano ya kuchukua uboho huchomwa nyuma ya nyonga.

Misuli nayo ina seli shina zake, ziitwazo seli setilaiti, zimelala ubavuni mwa nyuzi mpaka jeraha liziamshe.

Ila kiota kinachonitia huruma ni cha jicho: ukingo mwembamba ambapo konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, inakutana na weupe. Ukiunguzwa na kemikali, konea huvamiwa na mishipa ya damu na kufifia. Kupandikiza konea mpya katikati hakutoshi, maana seli zilizokuwa zikiifanya upya kutoka pembeni zimekwisha.