Tiba saidizi si tiba mbadala

Mwezi huu nimesoma maandiko matatu ya miradi ya watu wanaotaka kufungua spa ya afya, na yote matatu yana sentensi ileile: "Tutatoa tiba mbadala kwa kushirikiana na hospitali." Walioyaandika ni watu makini. Wamepiga hesabu ya vitanda vya masaji, mitambo ya maji moto, taulo na mishahara hadi senti ya mwisho. Lakini sentensi hiyo inajipinga yenyewe, na atakayefungua milango bila kuligundua hilo anaweza kumuumiza mtu.

Maana kwa ufupi. Tiba saidizi ni huduma anayopata mgonjwa sambamba na matibabu ya hospitali: kukandwa, akupancha (kuchomwa sindano nyembamba), yoga, mazoezi ya kupumua, mafuta ya kunukia. Tiba mbadala ni ile inayoshika nafasi ya matibabu hayo. Tiba jumuishi ni mpango unaoweka pamoja matibabu ya hospitali na tiba saidizi zenye ushahidi, chini ya wahudumu wanaowasiliana.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Mbadala limetokana na badala, neno tulilolipata kwa Waarabu, na ukoo wake wote unahusu kitu kimoja kuondoka ili kingine kiingie: badili, badilisha, badilishana. Mchezaji akiingia uwanjani badala ya mwenzake, mwenzake anatoka. Ukisema "mbadala kwa kushirikiana" umewaacha wote wawili uwanjani, na mteja hajui nani anacheza. Yeye analisoma neno kama lilivyo. Akiona "tiba mbadala" mlangoni anaelewa kwamba humu ndani kuna kitu cha kumpumzisha vidonge, na hajakosea, kwa kuwa ndivyo Kiswahili kinavyosema.

Wapo wanaopenda kusema "tiba kamilishi". Siwapingi, ila neno hilo linadokeza kwamba matibabu ya daktari yana pengo linalosubiri kuzibwa na mafuta ya mrujuani. Msaidizi ana heshima yake na mipaka yake; ndiyo maana nashikilia "saidizi".

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba umbadala haumo ndani ya tiba. Chukua sindano ya akupancha. Mgonjwa wa saratani akichomwa ili kupunguza kichefuchefu kinacholetwa na kemotherapia (dawa kali za saratani), huku kemotherapia ikiendelea, hiyo ni tiba saidizi. Mgonjwa yuleyule akiambiwa sindano ileile itamaliza uvimbe, naye akaacha kemotherapia, hiyo ni tiba mbadala. Chuma ni kilekile, mkono ni uleule. Kilichobadilika ni hatima ya matibabu mengine. Kwa hiyo huwezi kuandika orodha ya "tiba mbadala" ukaibandika ukutani; unachoweza kuangalia ni kama mteja wako bado anakwenda kliniki.

Watu wa utafiti wamelazimika kulinyoosha hili hata kwenye majina. Kituo cha serikali ya Marekani kinachochunguza tiba hizi kilianza mwaka 1998 kikiwa na neno "mbadala" katika jina lake. Mwaka 2014 neno hilo likaondolewa, likaingia "jumuishi". Na kuna sababu nzito kuliko majina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walifuatilia kumbukumbu za wagonjwa 281 wa saratani ya matiti, tezi dume, mapafu na utumbo mpana, ambayo ilikuwa haijasambaa mwilini, waliochagua tiba mbadala peke yake. Hatari yao ya kufa ilikuwa takriban mara mbili na nusu ya wenzao waliotibiwa hospitali. Utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2018, ndio unaonikosesha usingizi zaidi. Ulihusu wagonjwa waliotumia tiba saidizi pamoja na angalau tiba moja ya hospitali. Nao pia walikufa zaidi, karibu mara mbili, kwa sababu wengi wao walikataa sehemu ya matibabu yaliyobaki: upasuaji, mionzi, kemotherapia. Mafuta na mimea haikuonekana kuwa ndiyo iliyowaua. Usaidizi uligeuka umbadala kimyakimya, kipande kwa kipande, na huenda hakuna mhudumu aliyemuuliza mgonjwa, "Umeendelea na dawa?"

Kuna mkanganyiko mwingine, wa jumla na jumuishi. Yanafanana masikioni hata watu huyabadilishana, lakini hayana mzizi mmoja. Jumla linatokana na mzizi wa Kiarabu wa kujumlisha. Jumuisha na jumuiya yanatoka katika mzizi wa kukusanya watu au vitu pamoja. "Tiba ya jumla", ambayo wengine huiita holistiki, ni namna ya kumtazama mgonjwa: mwili, akili, usingizi, kazi, majonzi aliyonayo. Dhana hiyo ilipewa jina na Jan Smuts wa Afrika Kusini katika kitabu chake cha mwaka 1926, kutokana na neno la Kigiriki *holos*, yaani -zima. (Kusema "tiba ya mtu mzima" hakufai, mtu mzima kwetu ni aliyepita utoto.) Tiba jumuishi ni namna ya kupanga kazi. Mhudumu mmoja katika chumba kimoja anaweza kutoa huduma ya jumla. Na spa yenye huduma kumi na tano inaweza isiwe na ya jumla wala jumuishi, ikawa tu na vyumba kumi na tano. Wengi wanachanganya na jumla ile ya dukani, ya kuuza vingi kwa pamoja.

Neno spa halina utata: ni jina la mji wa Ubelgiji wenye chemchemi za maji ya madini. Kile kisa kwamba ni ufupisho wa maneno ya Kilatini ya "afya kwa maji" kilitungwa baadaye.

Ujumuishi unaonekana kwenye fomu ya kwanza anayojaza mteja. Anatumia dawa gani? Ana mimba? Aliwahi kupata damu iliyoganda mguuni? Kukanda mguu wenye donge la damu kunaweza kulisukuma hadi mapafuni. Mmea wa *Hypericum perforatum*, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, huliharakisha ini kuvunja dawa, na hivyo kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI. Mhudumu asiyejua mteja anameza nini hajajumuisha chochote. Halafu kuna ahadi: pembe ya kuumikia huitwa chuku, na kupiga chuku ni kutia maneno chumvi. Anayeandika orodha ya huduma zake aukumbuke undugu huo kabla hajaandika kwamba hijama, yaani kuumika, "inasafisha sumu zote". Kazi hiyo ina wenyewe, ini na figo.

Kwa wale watatu walionitumia maandiko, sentensi yenu naomba isomeke hivi: "Tutatoa tiba saidizi kwa wateja wanaoendelea na matibabu yao ya hospitali." Na chini yake ongezeni mstari mmoja unaosema nani atampigia daktari simu mteja akija kuwaambia kwamba ameacha dawa.