Picha huru nazo zina hakimiliki

Miongoni mwa vijana wa Kisumu wanaohariri makala za Wikipedia kuna onyo moja linalorudiwa sana: "Picha hiyo iache, ina hakimiliki. Tafuta iliyo huru." Siku hizi hata wanaofundisha wenzao wanalitoa, na walioanza juzi wanalishika kama sheria.

Maana yenyewe ni fupi. Picha huru ni ile ambayo mtu yeyote ameruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na hata kuiuza, bila kumrudia mwenyewe kuomba ruhusa kila mara. Hapo hakuna mahali palipoandikwa kwamba picha hiyo haina mwenyewe.

Hakimiliki nchini Kenya haiombwi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, picha inalindwa tangu inapopigwa. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ni hiari. Kwa hiyo ukisimama ufukweni Dunga asubuhi ukapiga picha ya samaki wakishushwa, tayari una hakimiliki, uwe umeitaka au hukuitaka. Ukiipakia Wikimedia Commons, ghala la picha huru ambalo Wikipedia huchota picha zake, kwa leseni ya CC BY-SA, ile inayomtaka mtumiaji akutaje jina na aachie kazi yake kwa masharti hayo hayo, hakimiliki inabaki kuwa yako. Ndiyo hasa inayoipa leseni meno. Asiyekutaja jina amevunja masharti, na aliyevunja masharti ameingilia haki yako. Mwenye shamba akiwaruhusu majirani wapite njia ya mkato hadi barabarani, hati ya shamba haijabadilika jina.

Nalisisitiza hili kwa sababu lina hasara. Wapo wapiga picha wa Nakuru wenye picha nzuri za heroe ziwani na za kreta ya Menengai, nao wanakataa kuzitoa kwa kuwa wameambiwa kwamba kuziachia huru ni kupoteza umiliki. Wapo pia wahariri wanaoona jina la mpiga picha na alama ya hakimiliki chini ya picha wakaikimbia, kumbe leseni huru imeandikwa pembeni.

Picha zisizo na hakimiliki kabisa zipo, nazo huitwa mali ya umma. Picha za setilaiti za NASA zinazoonyesha magugumaji yakiifunika Ghuba ya Winam ni mfano mzuri, maana kazi za watumishi wa serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki nchini humo. Kwa Kenya, ulinzi wa picha hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma, ukihesabu kuanzia tarehe iliyo ya mwisho kati ya hizo. Hata hivyo Commons hutazama sheria ya Marekani pia, na picha ya Kenya iliyomaliza muda wake hapa inaweza kuwa bado inalindwa kule.

Kinachostahili kuulizwa basi ni leseni. Hapo ndipo picha nyingi hukwama, hata zile ambazo wenyewe wamezitoa kwa moyo mweupe. "Tumieni, lakini si kwa biashara" haitoshi. "Nawaruhusu Wikipedia peke yake" haitoshi pia. Maandishi ya Wikipedia yenyewe yako chini ya CC BY-SA, kwa hiyo mchapishaji anaweza kuyatia katika kitabu cha shule akakiuza. Picha iliyowekwa ndani ya makala inatakiwa iweze kwenda naye. Na kuonekana pichani hakukupi hakimiliki ya picha. Msaidizi wa mwanasiasa anayetuma picha ya bosi wake iliyopigwa na mtu wa gazeti hana cha kuruhusu.

Picha isiyo huru nayo ina nafasi yake, japo ndogo. Commons haiipokei hata kidogo. Wikipedia ya Kiingereza huikubali kwa masharti makali, na sharti kubwa ni kwamba picha huru ya kuchukua nafasi yake isiwe inawezekana kupatikana. Miamba ya Kit Mikayi bado imesimama kule Seme. Panda matatu, piga yako. Mtu aliye hai naye anaweza kupigwa picha kesho. Mwanasiasa Tom Mboya aliuawa Julai 1969, na sura yake hakuna atakayeipiga tena. Kwa makala yake hoja ya picha isiyo huru inaweza kusikilizwa, baada ya kutafuta kwanza picha ya zamani iliyo huru. Kaburi lake lililoko Rusinga ni jambo jingine, hilo linafikika.

Kwa hiyo mwenzangu, ukikataa picha kwenye ukurasa wa majadiliano, usimwandikie aliyeileta kwamba ina hakimiliki. Mwandikie kwamba leseni yake hairuhusu matumizi ya biashara, au kwamba hukuiona leseni yoyote, kisha umwombe amtafute mpiga picha. Huenda akakubali.