Gitaa Lililoko Nyumbani: Dhana Potofu Kuhusu Kununua Jingine, na Ukweli Wenyewe

Wapigaji wengi wa gitaa, wakishapita hatua ya kujifunza, hujikuta wakitumia muda mwingi kutazama magitaa yanayouzwa kuliko kupiga yale waliyonayo. Hamu hiyo haizuki yenyewe. Hulishwa na maneno ambayo wauzaji, matangazo na hata wenzetu wa jukwaani wameyarudia mpaka yakachukuliwa kuwa kweli zisizohitaji ushahidi. Ninaamini, na nitaeleza kwa nini, kwamba sehemu kubwa ya sauti tunazozitafuta madukani imo tayari ndani ya magitaa yetu, ila imefichwa na nyuzi zilizochakaa, shingo isiyorekebishwa, na mazoea ya kutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa chombo.

Dhana: "Gitaa langu limeisha sauti, nahitaji jipya."

Kinachoisha kwanza ni nyuzi. Uzi wa chuma unapopigwa hupokea jasho, mafuta ya ngozi na vumbi, kisha hushika kutu, na uzito wake haubaki sawa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Uzi wa namna hiyo hupoteza ile milio midogo ya juu inayoipa sauti ung'avu, na hauwezi tena kutoa noti sahihi kwenye kila freti, vile vichuma vinavyokata shingo, hata ukatyuniwa kwa uangalifu gani. Sisi tunaoishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja tunalijua hili zaidi, kwa kuwa hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na seti ya nyuzi inayodumu bara kwa muda mrefu huku hushika kutu mapema. Kitambaa kikavu cha kufutia nyuzi kila baada ya kupiga ni kinga ya bei ndogo kuliko zote, na ni wachache wanaoitumia.

Baada ya nyuzi huja shingo. Nyuzi sita za chuma za gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, zile za unene wa kawaida unaoanzia 0.012 ya inchi, huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, na nguvu hiyo haipumziki usiku wala mchana. Ndiyo maana magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo, ubunifu ambao kampuni ya Gibson iliupatia hataza katika miaka ya 1920, na ambao kazi yake ni kumwezesha fundi kusawazisha mpindo wa shingo. Mbao nazo hunywa unyevu na kuutoa: watengenezaji wengi hupendekeza unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 45 na 55 kwa gitaa kavu, na chombo kinachohamishwa kutoka nyanda za juu kwenda pwani, au kinyume chake, kitabadilika umbo kidogo hata kama hakikuguswa na mtu. Nyuzi zikipanda juu mno vidole huumia na mpigaji hudhani gitaa ni baya. Zikishuka mno, hugonga freti na kutoa mkwaruzo, na hapo pia hulaumiwa gitaa.

Kipimo kimoja kinaweza kufanywa na yeyote. Freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi, na noti inayobanwa hapo inapaswa kuwa ileile ya uzi mtupu, oktavu moja juu. Uguse uzi kwa kidole juu ya freti hiyo bila kuubana, piga, sikiliza ule mlio mwembamba. Kisha ubane uzi kwenye freti ileile, upige tena. Noti ya pili ikiwa juu au chini kuliko ya kwanza, urefu wa uzi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwili wa gitaa, unahitaji kurekebishwa. Kwenye gitaa la umeme kazi hiyo ni ya bisibisi na dakika chache. Kwenye gitaa kavu ni ya fundi. Nimewasikia watu wakieleza kwa uchungu kwamba gitaa lao "haliimbi vizuri" kuanzia freti ya saba kwenda juu, wakiwa tayari wameshaweka akiba ya kununua jingine, wakati tatizo zima lilikuwa hapo.

Gitaa la dukani huonekana bora pia kwa sababu mara nyingi tunalilinganisha na la kwetu bila haki: lile limewekewa nyuzi mpya, la kwetu lina nyuzi za tangu mwaka jana. Anayetaka kujua ukweli na abadilishe nyuzi kwanza, ampelekee fundi gitaa lake, kisha ndipo arudi dukani kulinganisha.

Dhana: "Mbao ghali ndizo zinazotoa sauti nzuri."

Dhana hii ina nguvu kwa sababu ina chembe ya ukweli. Ubao wa mbele wa gitaa kavu, ule wenye tundu, ndio unaotetemeka na kusukuma hewa, na ubora wake una maana kubwa. Lakini bei ya magitaa mengi ya kifahari hutokana na mbao za mgongo na za ubavuni, na hapo ushahidi unasema jambo tofauti. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza, ambapo magitaa sita yalitengenezwa kwa namna moja na kutofautiana katika mbao za mgongo na ubavu tu, kuanzia rozwudi ya Brazili, ambayo ni adimu na ghali, hadi mahogani na sapele. Wapigaji 52 waliyajaribu wakiwa katika mwanga hafifu na wamevaa miwani ya wachomeleaji wa vyuma ili wasiitambue mbao kwa macho. Alama walizotoa kwa ubora wa sauti hazikuonyesha tofauti ya maana kati ya mbao ya bei kubwa na ya bei ndogo.

Kwa sisi wa Afrika suala hili halikomei kwenye mfuko wa mnunuzi. Mpingo wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji ni ndugu wa rozwudi katika jenasi ya Dalbergia, na jenasi hiyo yote iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kuanzia mwaka 2017 kwa sababu ya kasi ya ukataji. Vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vililegezewa masharti mwaka 2019, lakini miti yenyewe bado inahitaji ulinzi. Nchini Kamerun, kampuni ya Taylor ya Marekani na washirika wake wa Hispania walinunua mwaka 2011 kiwanda cha mbao nyeusi za abunusi, mti wa jenasi nyingine, mjini Yaoundé, wakakuta kwamba wakataji walikuwa wakiacha mingi ya miti waliyoiangusha ioze msituni kwa sababu tu ndani ilikuwa na michirizi, na wateja wa dunia walizoea ubao wa vidole uliokuwa mweusi tititi. Mti ulikufa kwa ajili ya rangi. Gitaa lililopo tayari nyumbani limekwisha kugharimu mti wake, na kulitunza miaka mingi ndiyo namna ya kuuheshimu.

Dhana: "Kila mtindo unahitaji gitaa lake."

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa kuliko pote, na ndipo tunapopoteza zaidi. Tuanze na mkono unaopiga. Uzi uleule, kwenye gitaa lilelile, hutoa sauti kali na nyembamba ukipigwa karibu na daraja, na sauti nene na tulivu ukipigwa pale shingo inapokutana na mwili, kwa sababu mahali unapoupiga uzi ndipo panapoamua ni milio gani ya ndani itaamka na ipi italala. Ukiacha piki, kile kijiplastiki cha kupigia, ukatumia nyama ya kidole gumba, unapata sauti nyingine. Ukitumia ukucha, nyingine tena. Ukilaza kiganja kidogo juu ya daraja, nyingine kabisa.

Gitaa la umeme linaongeza mengi juu ya hayo. Pikapu, vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi, zina skrubu za kuzipandisha na kuzishusha, na milimita moja tu hubadili uzito wa sauti. Wapigaji wengi huzungusha volyumu na toni mpaka mwisho, wakaziacha hapo maisha yao yote, ilhali volyumu ikipunguzwa kidogo, amplifaya iliyokuwa ikiunguruma husafika na kutoa mlio wa kengele unaofaa kwa ridhimu. Toni ikishushwa, solo hupata ule unene uliozoeleka katika rekodi za zamani. Yote haya yamo ndani ya chombo kilichokwisha kulipiwa.

Kisha kuna mpangilio wa nyuzi, na hapa majirani zetu wa Kongo wametupa somo kubwa. Katika rumba walibuni mpangilio waliouita mi-composé: uzi wa nne huondolewa, na mahali pake huwekwa uzi mwembamba unaotyuniwa noti ileile oktavu moja juu. Kwa badiliko la uzi mmoja gitaa hupata mng'aro mpya, na vidole vilivyozoea kona zake hulazimika kusikiliza upya. Keith Richards wa Rolling Stones alifika mahali pengine kwa njia kama hiyo, akaondoa uzi wa sita na kuzityuni tano zilizobaki kwa namna ya wazi, yaani zikipigwa bila kubanwa hutoa kodi kamili, na mapigo yake mengi yanayotambulika yalitoka humo. Kapo nayo, kifaa kidogo cha kubana nyuzi zote kwenye freti moja, huwawezesha wapigaji wawili wenye magitaa yanayofanana kutoa sauti zisizogongana.

Na aliye na gitaa kavu moja tu na amsikilize Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, mwaka 1952, akipiga kwa gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembeza besi, kidole kinaimba juu, na msikilizaji hudhani wako wawili. Rekodi zile zilisafiri hadi Nairobi na mbali zaidi, na mpaka leo wapigaji wa sehemu nyingi za dunia hujifunza kutoka kwake. Miongo mingi baadaye, hakuna gitaa linalouzwa linaloweza kumpa mtu uhuru wa mikono ule; unapatikana kwa kukaa na chombo kimoja muda mrefu.

Dhana: "Wapigaji wakubwa wana magitaa mengi, basi wingi ndio uliowakuza."

Ni kweli kwamba nyota wengi wana maghala ya magitaa. Mpigaji wa jukwaani anahitaji la akiba iwapo uzi utakatika katikati ya wimbo, na mwenye kutumia mipangilio mingi ya nyuzi hawezi kutyuni upya mbele ya umati. Mahitaji hayo ni ya kazi yao, nayo huja baada ya ukubwa. Willie Nelson, mwimbaji wa Marekani, amekuwa akipiga gitaa moja la Martin N-20 lenye nyuzi za nailoni tangu mwaka 1969, mpaka piki ikatoboa tundu la pili mbele ya gitaa hilo, na fundi huliimarisha ili liendelee. Brian May wa Queen alianza kutengeneza gitaa lake akiwa kijana mwaka 1963, pamoja na baba yake, wakitumia ubao wa meko ya zamani na springi za pikipiki. Gitaa hilo ndilo lililobaki kuwa sauti yake.

Historia yetu wenyewe inasema zaidi. Katika muziki wa dansi wa Tanzania vyombo mara nyingi havikuwa mali ya wapigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ilikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Zilikuwepo pia bendi za polisi na jeshi. Mpiga solo aliyehama bendi aliliacha gitaa kwa mwajiri, akaenda kupokea jingine alikokwenda, na siku ya kwanza tu wasikilizaji walimtambua kwa mapigo yake.

Dhana: "Gitaa ni akiba, bei yake itapanda."

Gitaa alilolitumia Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6 mwaka 2020, na la David Gilmour wa Pink Floyd kwa karibu dola milioni 4 mwaka 2019. Wanunuzi walilipia historia ya watu hao. Gitaa la kawaida linalotoka kiwandani kwa maelfu hushuka bei mara tu linapotoka dukani.

Dhana: "Gitaa lisilopigwa halina gharama wala haliharibiki."

Magitaa matano yana nyuzi 30, zote zikivuta shingo usiku na mchana, zote zikishika kutu, ziwe zinapigwa au zinaning'inia ukutani. Mwenye mengi hujikuta hana hata moja lililo katika hali nzuri, kwa sababu uangalizi wa mtu mmoja hautoshi kwa yote.

Kununua kuna wakati wake. Besi haina mbadala katika gitaa la solo. Mtoto mwenye mkono mdogo anahitaji gitaa dogo. Anayepiga harusini kila Jumamosi anahitaji la akiba. Na shingo iliyojikunja kiasi kwamba gharama ya kuinyoosha inazidi thamani ya chombo haina sababu ya kung'ang'aniwa. Nje ya sababu kama hizi, ningeshauri fedha iende kwa nyuzi, kwa fundi, na kwa mwalimu, kwa utaratibu huo.

Na kama lipo gitaa ambalo limekaa mwaka mzima bila kuguswa, wapo vijana katika kwaya, shuleni na mitaani wanaojifunza kwa zamu kwenye chombo kimoja. Kabla ya kulitoa, liwekee nyuzi mpya na lirekebishwe na fundi, ili anayelipokea asianze safari yake akipambana na nyuzi zilizo juu mno na noti zisizokaa sawa.