Mgongo wenye miaka 22

"Daktari, huyu wangu ana mifupa ya mpira."

Mama mmoja aliniambia hivyo kliniki hapa Kisumu, huku binti yake wa miaka 11 akijipinda kinyumenyume kunionyesha. Nikamwambia asimame wima haraka. Walikuwa wametazama video za Yevgeniya Kanaeva, Mrusi wa jimnastiki ya mdundo, ule mchezo wa kujipinda na kurusha vifaa kwa muziki, kwenye simu mpaka bando likaisha, na mtoto akaiga kila alichokiona. Kilichowaleta kwangu ni maumivu ya kiuno.

"Na huyo Mrusi bado anacheza?"

"Alistaafu 2012, mama. Alikuwa na miaka 22."

"Ishirini na miwili! Si huo ndio umri wa kuanza kutafuta kazi?"

Katika jimnastiki ya mdundo, huo ni umri wa kuwa umemaliza. Kanaeva, mzaliwa wa Omsk, alichukua dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008 akiwa na miaka 18, akairudia London 2012. Mpaka leo hakuna mwingine aliyeshinda mara mbili shindano hilo la mchezaji mmoja mmoja. Katikati hapo, kwenye mashindano ya dunia ya 2009 kule Mie, Japani, alibeba dhahabu zote 6 alizoweza kushindania. Montpellier 2011, tena 6.

Zulia lao ni mita 13 kwa 13, na onyesho halizidi dakika moja na nusu. Utepe, kimojawapo cha vifaa wanavyochezea, una mita 6, nao hauruhusiwi kutulia. Niliwahi kununua kitambaa nikajaribu mwenyewe uwanjani, alasiri, upepo wa ziwa ulipoanza. Nilijifunga kama mbuzi wa sokoni.

Watazamaji huona ulaini tu. Mimi naona nguvu. Mguu unaopanda hadi sikioni bila kushikwa na mkono unashikiliwa na misuli ya nyonga na tumbo, na misuli hiyo hujengwa kwa miaka. Mgongo ndio wenye siri kubwa zaidi. Mchezaji aliyefunzwa vizuri anapojipinda nyuma huugawa mpindo: nyonga zinafunguka, mgongo wa juu unachangia, kiuno kinabeba sehemu yake tu. Mtoto anayeiga video hupinda panapopindika kwa urahisi, yaani pingili za chini kabisa. Chukua waya, ukunje na uukunjue mahali pale pale, utaona. Mfupa ambao haujakomaa hupata ufa mwembamba kwa njia hiyo hiyo, bila kuanguka wala kugongwa. Eksirei ya binti huyu haikuonyesha kitu, jambo la kawaida ufa ukiwa mchanga. Skani ndiyo iliyouonyesha.

Wengi huanza mchezo huu wakiwa na miaka 5 au 6. Kwa hiyo mchezaji wa miaka 22 ana kazini miaka kama 16, na mgongo hauhesabu siku za kuzaliwa, unahesabu mipindo.

Nilimpa binti miezi 3 bila kujipinda nyuma hata mara moja, pamoja na mazoezi ya tumbo na makalio, yale yasiyopendeza kwenye video. Alinuna. Walipofika mlangoni akageuka.

"Daktari, na utepe pia umekatazwa?"

Utepe ni kazi ya bega na kifundo cha mkono. Nikamruhusu, ila auchezee sebuleni, madirisha yakiwa yamefungwa.