Kuunganisha Kitasa Janja na Mfumo wa Ulinzi wa Nyumba

Mwenye nyumba anapouliza usiku kama mlango umefungwa, ndani ya swali lake huwa na maswali mawili, na Kiswahili kina vitenzi vya kuyatenganisha. Mlango ulioshindikwa umerudishwa kwenye fremu yake lakini haujatiwa komeo wala ufunguo, kwa hiyo mkono wa mtu au upepo mkali unaweza kuufungua. Mlango uliokomewa hausukumiki mpaka mwenye haki ya kuufungua aufungue. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa dhana ninayoieleza hapa, kwa sababu vifaa vinavyouzwa leo kwa ajili ya nyumba vimeigawana: kimoja kinajua habari za kukomea, kingine kinajua habari za kushindika, na kuviunganisha ni kuvifanya viambiane kile ambacho kila kimoja hakikioni.

Kitasa janja ni kitasa cha mlango kilichowekewa mota ndogo, betri, na redio ya kuwasiliana na vifaa vingine. Hufunguliwa kwa namba ya siri, alama ya kidole, kadi au simu, na vingi bado vina tundu la ufunguo wa kawaida kwa ajili ya dharura. Mota hiyo husukuma na kuvuta ulimi, yaani kile kipande cha chuma kinachotoka kitasani na kuingia kwenye tundu la fremu. Kitasa kinajua kama ulimi wake umetoka au umeingia, na kinajua ni namba ya nani iliyotumika na saa ngapi. Vingi havijui zaidi ya hapo. Ulimi ukitoka wakati mlango uko wazi nusu, kitasa cha namna hiyo kitaripoti kwa uaminifu kwamba kimefunga.

Mfumo wa ulinzi, kwa upande wake, ni paneli moja inayopokea habari kutoka kwa sensa za mlango, sensa za mwendo na wakati mwingine kamera, kisha kuamua kama ipige king'ora au itume taarifa kwa simu ya mwenye nyumba. Sensa ya mlango ni kifaa rahisi mno: sumaku hubandikwa kwenye ubao wa mlango, swichi ndogo hubandikwa kwenye fremu, na viwili hivyo vikitengana paneli inajua kwamba mlango umeachana na fremu. Sensa hiyo haijui lolote kuhusu ulimi. Mlango ulioshindikwa na mlango uliokomewa kwake ni sawasawa.

Kuunganisha, basi, maana yake ni kwamba hali ya kitasa inaingia katika uamuzi wa paneli, na hali ya paneli inaingia katika uamuzi wa kitasa, bila mtu kuwa katikati. Nasisitiza maneno ya mwisho kwa sababu wauzaji wengi huita “kuunganisha” jambo dogo zaidi, nalo ni kuweka programu ya kitasa na programu ya kengele ya wizi katika simu moja. Kama ni mwenye simu anayesoma ujumbe wa kitasa kisha yeye mwenyewe anafungua programu nyingine na kuwasha ulinzi, vifaa hivyo viwili havijaungana.

Katika nyumba moja ya Nzuguni, Dodoma, kitasa kilituma ujumbe kila jioni kwamba mlango wa mbele umefungwa, na wenyeji walilala kwa amani kwa wiki kadhaa. Siku moja asubuhi walikuta mlango unachezacheza kwa upepo huku ulimi umetoka nje ya fremu. Mlango ulikuwa umerudi nyuma kidogo kabla kitasa hakijajikomea chenyewe, kama kilivyopangiwa kufanya baada ya muda mfupi. Hakuna kilichoibiwa. Sensa ya sumaku ilikuwapo kwenye mlango uleule na ilijua ukweli usiku kucha, lakini haikuwa na njia ya kukiambia kitasa kwamba kinadanganyika, wala paneli haikuwa na kanuni ya kuzilinganisha habari zile mbili. Kwa wakazi wa Dodoma, ambako upepo hauna msimu wa kupumzika kwa muda mrefu, nadhani hiyo ndiyo faida ya kwanza ya uunganisho. Hata habari za wezi zinakuja baadaye.

Tumchukulie mtumishi anayeishi Iyumbu na kufanya kazi katika Mji wa Serikali wa Mtumba. Anapotoka asubuhi anagusa kitasa ili kukomea kwa nje, na kwa kuwa sensa inathibitisha kwamba mlango umekaa kwenye fremu, paneli inawasha ulinzi yenyewe. Mchana mdogo wake anashuka stendi ya Nanenane akitokea Singida, na mtumishi anampa namba ya siri inayofanya kazi siku hiyo tu. Mdogo mtu anaiingiza, kitasa kinafungua, paneli inatambua kwamba namba hiyo imeruhusiwa na inazima sensa za sebuleni, lakini inaacha sensa ya chumba cha kulala cha mwenye nyumba ikiwa macho. Kama mtu mwingine angekosea namba mara tano mfululizo, kitasa kingejifunga kwa muda na paneli ingepokea habari hiyo kama dalili ya hatari, kabla mlango haujaguswa kwa nguvu. Dada wa kazi naye anaweza kuwa na namba yake inayokubaliwa saa za mchana peke yake, na kumbukumbu ya kitasa inaonyesha aliingia saa ngapi. Ni haki aambiwe mapema kwamba kumbukumbu hiyo ipo.

Kanuni ya kuzima ulinzi ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Ukipanga kwamba kila kitasa kinapofunguka ulinzi unazimika, umegeuza kuta mbili kuwa ukuta mmoja: atakayekishinda kitasa atakuwa amekishinda na king'ora pia. Kwa maoni yangu ufunguo wa kawaida haupaswi kuzima ulinzi hata kidogo, kwa sababu paneli haiwezi kujua uko mkononi mwa nani. Anayeingia kwa ufunguo na aende kwenye vibonye vya paneli aingize namba yake ndani ya sekunde 30 au 45 zilizowekwa. Kufungua kwa simu kutoka mbali nako kusizime kila kitu, maana simu huibwa. Mifumo mingine huruhusu namba ya shinikizo, ambayo mtu aliyelazimishwa kufungua huiingiza: mlango unafunguka kama kawaida, hakuna sauti, lakini taarifa inatumwa kwa ndugu au kampuni ya ulinzi. Kama mfumo wako una uwezo huo, kila mkubwa wa nyumba aijue namba hiyo.

Kuna njia tatu ambazo kitasa na paneli hutumia kuwasiliana. Ya kwanza ni kupitia intaneti: kitasa kinatuma habari kwenye seva za kampuni iliyokitengeneza, ambazo mara nyingi ziko nje ya nchi, seva hizo zinaongea na seva za kampuni ya kengele, na habari inarudi Dodoma kwenye paneli iliyo mita tatu kutoka kwenye mlango. Ni njia rahisi kuianzisha, lakini bando likiisha au ruta ikizimika, uunganisho unakatika. Ya pili ni redio za ndani ya nyumba, kama Zigbee, Z-Wave na Thread, ambazo hupitia kituo kidogo kilichomo nyumbani humohumo na hazihitaji intaneti ili kanuni zifanye kazi. Anayeagiza Z-Wave kutoka nje awe makini: vifaa vya Marekani hutumia masafa ya takriban megahezi 908 na vya Ulaya megahezi 868, na hivyo haviwezi kusikilizana hata vikiwa vya kampuni moja. Oktoba 2022 muungano wa watengenezaji uitwao Connectivity Standards Alliance ulitoa kanuni ya pamoja ya vifaa kuwasiliana, iitwayo Matter, na vitasa vya milango vilikuwamo tangu toleo la kwanza. Hata hivyo paneli nyingi za kengele za wizi bado hazielewi lugha hiyo, kwa hiyo nembo ya Matter kwenye boksi la kitasa haitoshi kuwa jibu.

Njia ya tatu ni waya, na mimi ndiyo ninayoipendekeza kwa anayejenga sasa. Kitasa cha umeme kinachotumia volti 12 huunganishwa na paneli kupitia relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme: waya mbili hupeleka amri ya kufungua, na waya nyingine mbili hurudisha habari kwamba ulimi umetoka au umeingia. Hakuna seva wala nywila katika kipande hicho. Gharama yake ni kwamba mabomba ya waya lazima yapitishwe kabla ya plasta, na katika viwanja vipya vya Dodoma, ambako nyumba nyingi bado ziko kwenye hatua ya matofali, nafasi hiyo ipo leo na haitakuwapo mwakani.

Umeme unastahili maneno yake, iwe umekatika mtaa mzima au uniti za LUKU zimeisha usiku. Kitasa cha betri hakitikisiki. Vingi hutumia betri 4 za AA, jumla ya volti 6, na vingine vina sehemu ya kugusisha betri ya volti 9 kwa nje ikiwa za ndani zimekufa. Paneli huwa na betri yake ya akiba. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ikihudumia paneli inayokula ampea 0.3, kwa hesabu itadumu saa 23, ila iliyozeeshwa na joto haitafika huko. Kinachozimika papo hapo ni ruta. Aliyeunganisha kwa njia ya kwanza anabaki na kitasa kizima na paneli nzima ambavyo havisemezani, na tiba yake ni betri ndogo ya ruta pamoja na paneli yenye laini yake ya simu inayoweza kutuma ujumbe mfupi, laini ambayo lazima iwe na salio. Kwa upande wa vitasa vya umeme, muulize fundi jambo moja kabla ya kulipa: umeme ukikatika, mlango unabaki umefungwa au unaachia? Kitasa cha sumaku huachia, kwa kuwa ni umeme wenyewe unaoushikilia mlango.

Swali hilo linatupeleka kwenye moto, na hapa nyumba zetu zina tatizo ambalo teknolojia hailitatui. Nyuma au mbele ya mlango wa mninga wenye kitasa janja mara nyingi kuna mlango wa grili wenye kufuli, na funguo zake ziko mahali ambapo mmoja tu katika familia anapajua. Paneli iliyounganishwa vizuri inaweza kupokea habari ya sensa ya moshi na kukiamuru kitasa kivute ulimi mara moja ili watu watoke. Kitasa kitatii, na grili itabaki imefungwa. Anayeunganisha mlango wa mbao na kuliacha grili nje ya mfumo amekata njia ya kutokea na pia ameifanya paneli isiwe na habari kamili, kwa kuwa itamwambia nyumba imekomewa wakati kufuli la grili linaning'inia wazi. Ama grili liwekewe kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo, pamoja na sensa yake, ama liachwe wazi wakati watu wamelala ndani.

Hali ya hewa ya kati ya nchi nayo ina sehemu yake. Katika miezi mirefu ya kiangazi vumbi hukaa juu ya kioo cha kusoma kidole, na ngozi iliyokauka husomeka kwa shida, kwa hiyo kidole kisiwe njia pekee ya mtu yeyote kuingia. Mbao nazo hunywea wakati wa ukame na kuvimba mvua zinapoanza, na ulimi uliokuwa ukiingia tunduni kwa ulaini Septemba huanza kukwaruza Januari. Mota hulazimika kusukuma zaidi, betri huisha mapema, na kitasa hutuma kwenye paneli habari ya kukwama, ambayo mwenye nyumba huichukulia kama hitilafu ya mtandao. Fundi seremala akipanua tundu la fremu kwa milimita mbili tatu, tatizo huisha.

Anayepangisha vyumba na kuchukua alama za vidole za wapangaji ajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu alama hizo miongoni mwa taarifa nyeti. Mpangaji anapohama, alama yake na namba yake zifutwe kwenye kitasa na kwenye paneli pia, maana kufuta upande mmoja hakufuti upande wa pili isipokuwa uunganisho umepangwa hivyo.

Fundi akimaliza kazi, kabla hajafungasha vifaa vyake, mwombe azime swichi kuu ya umeme na kuichomoa ruta. Kisha washa ulinzi kwa kukomea mlango kutoka nje, subiri dakika mbili, na mwache mtu aufungue kwa ufunguo wa kawaida na asiingize namba yoyote. Simama uani na simu yako ukihesabu sekunde.