Oili kwenye boksi la ea klina sio lazima injini iwe imekufa

Jamaa kafungua boksi la ea klina la pikipiki yake, lile linalochuja hewa ya kwenda kwenye injini, kakuta oili imetuama chini na filta imelowa, fundi kamwambia hapohapo ringi (vile vyuma vya duara vinavyoizunguka pistoni) zimeisha, andaa hela ya kufungua injini. Aisee subiri kwanza.

Kila injini, hata mpya, inavujisha gesi kidogo kupita kwenye ringi za pistoni kwenda chini kwenye oili. Ile presha isipotolewa itasukuma sili zinazozuia oili isivuje, kwa hiyo kuna mpira unaotoka kwenye injini na kuchomekwa kwenye boksi la ea klina ili mvuke uvutwe ukaungue tena. Zamani ulikuwa unamwagwa barabarani tu. Sasa huo mvuke una chembechembe za oili, zikifika kwenye boksi zinapoa na kutuama. Ndo maana maboksi mengi yana kampira kenye kizibo chini, ukichomoa kizibo unatoka uchafu wa kahawia, na wengi hawajawahi kukagusa!

Oili kwenye boksi ikiwa nyingi, mara nyingi ni kwamba oili ya injini ilizidishwa, mtu kapima pikipiki ikiwa imelalia stendi ya upande, kipimo lazima kidanganye. Au pikipiki ilianguka ikalala. Au filta ni ya sponji na fundi kaimwagia oili kama anakaanga chapati.

Kausha boksi, weka filta safi, rekebisha kipimo, tembea wiki mbili. Ikijaa tena na moshi wa bluu unatoka na oili inapungua, hapo sawa, ongea na fundi habari za ringi.