Chekechea haifundishwi na yeyote tu

"Ukijua kuimba na huchoki na watoto, nenda ukafundishe chekechea." Kauli hii husikika sana Kenya, hasa matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka na alama zikawa haba. Ni kosa.

Mtoto wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, miaka minne, atakuhesabia moja hadi kumi bila kukwama. Mwambie, "Nipe vizibo vitano," akupe konzi nzima. Amekariri wimbo, bado hajajua kwamba kila namba ina kizibo chake. Mzazi hupiga makofi. Mwalimu aliyesomea huketi naye chini, wakahamisha kizibo kimoja kimoja huku wakitaja namba. Penseli nayo itasubiri: vidole huanza na udongo wa kufinyanga na kutunga shanga.

Chuoni ndiko hayo hufunzwa, pamoja na makuzi ya mtoto, utengenezaji wa vifaa kwa maboksi na mbegu, na mazoezi ya kufundisha darasani. Kisha kuna usajili wa TSC, tume ya kitaifa ya walimu, ingawa chini ya Katiba ya 2010 elimu hii ni jukumu la kaunti. Mishahara bado midogo kwingi, na nadhani dharau yenyewe imetokea hapo.